Malkia Ni Dume

Jumatatu, 3 Juni

Malkia katoa vitumba! Kumi na kimoja. Nimevihesabu mara mbili, kisha nikamwita Mama Watoto avihesabu naye. Kasema ana sufuria jikoni.

Mmea huu asili yake ni kisiwa kimoja tu duniani, kwenye nyufa za miamba, na huko kwenyewe mbuzi wameumaliza. Afisa Mimea alitugawia mbegu sisi wanachama ishirini wa Chama cha Wapenda Maua, Mama Watoto akiwemo. Miche iliyopona ni miwili: wangu, na wa jirani yangu, Daktari wa Meno. Jumamosi tunachagua mwenyekiti. Wagombea ni wawili: mimi, na jirani yangu huyohuyo. Mwenye ua ndiye mwenye kiti. Sisemi zaidi, kuta zina masikio.

Jumanne, 4 Juni

Pigo! Maua yamefunguka. Afisa Mimea kaja na kioo chake cha kukuzia, kachungulia, katangaza kuwa Malkia ni dume. Dume! Miaka mitatu namwita bibie. Jike ni la Daktari, nalo limechanua leo. Eti lazima chavua ya ua langu ipakwe kwenye maua yake kwa brashi kabla Ijumaa haijaisha. La sivyo hakuna mbegu, na huenda tusizione tena maishani mwetu.

Nilinuna hadi saa sita. Ndipo akili ikaniwakia. Bila mimi, Daktari ana majani tu! Masharti yangu matatu: aje mwenyewe, aombe kwa adabu, ajitoe kwenye uchaguzi.

Jumatano, 5 Juni

Kaja mwenyewe. Kaomba kwa adabu. Kaniharibia mpango, maana nilijiandaa kwa kiburi chake. Nikamwambia bado sharti la tatu. Kacheka, kasema uenyekiti tuuachie kura, ila ua halingoji kura. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Kaondoka na brashi yake kavu.

Sasa nina hofu na nyuki, wasije wakapeleka mali yangu bure. Nikaenda dukani kununua kamba. Niliporudi nikamfunika Malkia kwa chandarua cha kitandani, nikaongeza nailoni juu, nikakaza mafundo saba. Mama Watoto kauliza mbu tutawaambia nini. Mtu asiye na maono utamjua kwa maswali yake.

Alhamisi, 6 Juni

Jino! Gego la chini. Limeamka kabla yangu. Mtaa mzima una daktari wa meno mmoja, nanyi mnamjua. Nilivumilia hadi saa nne, kisha nikapita mbele ya mlango wake kama mtu mwenye safari zake. Nikapita mara tatu. Mara ya nne kanishika mkono, kaniingiza.

Kanilaza kwenye kiti, kanidunga ganzi. Nikajua sasa ndipo atakaponibana, koleo mdomoni, mpaka nikubali. Hakutaja maua hata kidogo! Kaling'oa taratibu, kaniambia pole jirani, kanipa pamba. Mjanja kupita kiasi. Nikajaribu kumkumbusha kuwa sharti la tatu liko palepale. Lilitoka “faletale”, na mate juu ya koti lake jeupe. Kanifuta kidevu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekuwa muungwana. Nimeamua nimpe Daktari umakamu, naye apate chavua. Nikafungua mafundo saba, nikaondoa nailoni.

Joto limeyapika. Maua yote kumi na moja meusi, yana ukungu, yananuka soksi.

Miaka mitatu nimemnywesha maji kwa kijiko. Nilikaa kando ya kopo lake mpaka adhuhuri. Macho yalilowa kidogo. Ni ganzi.

Jumamosi, 8 Juni

Mkutanoni Afisa Mimea kasimama, katangaza: ua la Daktari limeshika mbegu! Nikapiga kelele kuwa haiwezekani. Kumbe Jumatano, nikiwa dukani kwa ajili ya kamba, Mama Watoto alikomba chavua kwa brashi yake ya poda, akaruka ua akaitia kwenye ua. Mke wangu! Ndiyo maana Daktari alikuwa mpole na koleo lake.

Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Daktari kajitoa palepale, kampendekeza yeye. Kura kumi na tisa. Mimi nilipata moja, safi, isiyo na hila.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari. Mtoto ni wa baba, au siyo? Nimeandika barua ya kurasa nne kudai mbegu zote, uchaguzi urudiwe, na niombwe radhi kwa maandishi. Katiba ya chama inasema malalamiko yapelekwe kwa mwenyekiti. Nikampelekea jikoni. Kafuta mikono, kasoma yote bila kucheka, kauliza nataka jibu la mdomo au la maandishi.

Maandishi, nikasema. Kaogopa. Nilimwona mabega yakimtetemeka.