Dashibodi ya Kijani

Sauti iliyonibakia kichwani ni ya diski ya kumi na moja: tk, kimya, tk, kama mtu anayegonga mlango huku akijua hatafunguliwa.

Diski hiyo iko kwenye kabati la kuhifadhia picha za eksirei za hospitali yetu. Kabati lina diski kumi na mbili. Linavumilia mbili kufa. Ikifa ya tatu, picha zote za wagonjwa za miaka minane zinapotea, na nakala nyingine hatuna. Mbili zilishakufa. Ya kwanza ilikaa maiti wiki sita bila mtu kujua, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinaiangalia. Ndiyo maana mimi, fundi wa kompyuta wa hospitali, niliomba programu ya ufuatiliaji: unaiweka kwenye kompyuta moja, unaielekeza kwenye kabati, unaiambia iulize kila baada ya dakika tano kila diski inaendeleaje na ipige kelele ikiona inachelewa kujibu. Kazi ya siku mbili. Ombi langu lilikaa mezani kwa Mkurugenzi miezi minne. Juzi nikatangaziwa kwamba mradi umekamilika. Nilishangaa, maana ufunguo wa chumba cha mitambo, lilimo kabati hilo, ni mmoja, na ninao mimi.

Kisha nikaagizwa ninukuu hotuba ya uzinduzi neno kwa neno, kwa ajili ya jalada. Hii hapa. Yaliyo kwenye mabano nimeyaongeza mimi.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Mheshimiwa Kaimu Makamu Mwenyekiti anayekaimu pale Makamu anapokuwa anakaimu, madaktari bingwa na madaktari wanaoelekea kuwa bingwa, wakuu wa idara, na idara zisizo na wakuu, wauguzi, wapishi, madereva, wagonjwa mlioweza kutembea hadi ukumbini, mabibi na mabwana! (Makofi. Mzee wa stoo aliamka.)

"Ninasimama mbele yenu nikiwa na unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuwaarifu kwamba ule Mkakati Jumuishi wa Ufuatiliaji Endelevu wa Pafomansi ya Miundombinu ya Uhifadhi wa Data, ambao wenye wivu walisema ni ndoto, sasa umeingia katika awamu ya kuzinduliwa, awamu ambayo kitaalamu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inahitaji viti, maturubai na kipaza sauti. (Kipaza sauti kilikatika. Mshereheshaji alikipiga kofi, kikarudi.)

"Ndugu zangu, tusidanganyane, kazi imefanyika. Katika miezi minne tumeketi vikao kumi na saba, tumeendesha warsha tisa, na tumefanya ziara moja ya mafunzo, ambayo kwa moyo wa kujitoa niliifanya peke yangu ili nisiwasumbue wataalamu wetu walio na kazi nyingi. Kutokana na juhudi hizo, ufanisi umepanda kwa asilimia tisini na tisa nukta tisa, na ufanisi wa nini hasa, hilo litafafanuliwa kwenye ripoti, ambayo kamati yake inaundwa. (Makofi. Sauti ya mama wa mapokezi kutoka nyuma: 'Mkurugenzi, kompyuta yangu imeganda tena!' Mshereheshaji: 'Maswali baadaye, mama.' Mama wa mapokezi: 'Siyo swali, baba, ni taarifa.')

"Sasa nifafanue upande wa kiufundi, maana msifikiri Mkurugenzi wenu ni mtu wa kukata utepe tu. Wataalamu walipendekeza programu ipige kelele kila diski inapochelewa zaidi ya milisekunde ishirini. Milisekunde ishirini! Mimi hata kupepesa jicho natumia zaidi ya hapo. Nikauliza, kelele hizo za nini, na wagonjwa wanahitaji utulivu? Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, nimeelekeza kiwango cha tahadhari kiwe milisekunde milioni moja, ambazo nimeambiwa zinafika robo saa na ushee, na mtu mwenye malezi mema hashindwi kungoja robo saa. (Kicheko. Makofi ya muda mrefu kutoka idara ya utawala.)

(Hapo daktari wa upasuaji alisimama, bado amevaa mavazi ya chumba cha upasuaji. 'Mkurugenzi, samahani. Yule mama wa kitanda cha nne ninampasua kesho. Picha yake leo imefunguka baada ya dakika kumi na mbili. Isipofunguka kesho nitakata wapi?')

"Nakushukuru sana, Daktari, kwa ushuhuda huo, kwa sababu dakika kumi na mbili ni chini ya robo saa, na kwa hiyo mgonjwa wako yuko ndani ya kiwango. (Makofi. Daktari hakukaa.)

"Na sasa, kwa heshima kubwa, naomba kitambaa kiondolewe. (Kitambaa kilivutwa. Ukutani palikuwa na dashibodi, ubao wa kuonyesha hali ya kila diski, kubwa kama mlango wa gereji: duara kumi na mbili, zote za kijani, na mstari ulionyooka. Watu walisimama. Muuguzi mmoja alimnong'oneza mwenzake: 'Mbona haichezi?' Mwenzake: 'Ndiyo maana inaitwa utulivu, shoga.')

"Itazameni! Tangu tuizindue, sasa ni dakika ya tatu, haijaonyesha tatizo hata moja! Niambieni, ni hospitali gani nyingine inayoweza kusema hivyo? Diski zetu! (Umati: 'Macho yetu!') Data salama! (Umati: 'Mkurugenzi daima!') Kijani! (Umati: 'Kijani zaidi!')

"Nikihitimisha, nawashukuru wote kwa kujitokeza, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi wetu wa rangi, ambaye mchoro huu ameukamilisha jana kwa brashi yake mwenyewe na kopo zima la kijani, na ambaye amenihakikishia kwamba ukuta ukikauka vizuri tutaweza, kwa utaratibu wa awamu, kuanza kufikiria kutafuta programu yenyewe. Asanteni sana!" (Makofi. Watu walianza kuelekea kwenye soda.)

Hotuba iliishia hapo. Kisha mshereheshaji akaniita mbele nisaini cheti cha makabidhiano, kwenye mstari ulioandikwa "Aliyeweka na kusanidi programu". Mkurugenzi aliniinamia, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Saini, mwanangu. Watu wanangoja soda."

"Baba, nisaini kwamba niliweka nini?"

"Si utaweka? Tofauti iko wapi? Ni wakati tu."

Nilimtazama daktari. Alikuwa bado amesimama katikati ya viti vilivyobaki vitupu, mikono imening'inia kama ya mtu aliyesahau alichofuata.

Mahali pa sahihi niliandika: "Hakuna kilichowekwa. Diski mbili zimekufa, ya tatu iko njiani." Nikarudisha kalamu, nikamwambia daktari tuongozane. Tulianza na picha za mama wa kitanda cha nne, tukazinakili kwenye kompyuta yake ya mkononi. Zilichukua dakika ishirini na sita. Zikafuata za wagonjwa wote wa upasuaji wa juma hili. Kisha, ili diski ya kumi na moja isichoshwe zaidi, niliufunga mfumo wa kabati usipokee kazi nyingine yoyote. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Picha mpya zinatolewa kwenye filamu, na barua inayoeleza sababu nimeibandika kwenye mlango wa kila wodi, kwa jina langu.