Pingamizi Dhidi ya Unyusi wa Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku nzito. Naandika nikiwa nimevaa koti na kofia, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya hadhi.

Mke wangu Juliana amenitaarifu wakati wa chai kwamba binti yetu Blessing, fundi cherehani aliyeko Iringa, ametoa uamuzi. Jumamosi hii, kwenye sendofu yake, sherehe ya kumwaga, hapa mtaani kwetu Soweto, hataingia ukumbini akiwa ameshikwa mkono na baba yake mzazi. Ataingia na mjomba wake. Obeid! Mtu ambaye hajawahi kuandika sentensi moja kamili!

Chanzo nakifahamu. Mwezi Juni Blessing alitoga unyusi na kutia kipini. Mimi, niliyeishi miaka ishirini na sita kwa kuwaandikia wananchi barua na maombi pale Mwanjelwa, sikupiga kelele. Nilimwandikia. Kurasa mbili. Yah: Pingamizi Dhidi ya Chuma Kilichopo Kwenye Unyusi wa Kushoto. Aya kumi na moja, zote zina namba. Nakala kwa shangazi yake, kwa mzee wa kanisa, na kwa wakwe zetu watarajiwa kwa taarifa. Tangu hapo hapokei simu yangu. Wiki ya sita sasa.

Jioni Obeid alipita "kunisalimia". Akauliza kama nina tai ya kumwazima. Nilimjibu kuwa tai ninayo moja, na ina kazi.

"Kazi gani tena, shemeji? Wewe si utakuwa meza ya nyuma huko, na sahani yako?"

Nitamshika mkono binti yangu. Iwe isiwe.

Jumanne, 5 Agosti

Njia imepatikana! Kanuni ya kwanza ya madai: asiyeguswa na jambo hana haki ya kusikilizwa. Nilipinga kipini ilhali sijawahi kukivaa. Hapo ndipo hoja yangu ilipolegea. Dawa yake ni moja: niguswe.

Saa nne niliingia saluni ya Naima, nyuma ya maduka ya vitenge Mwanjelwa. Binti mdogo, hijabu nadhifu, mkono mwepesi. Nusu ya masikio ya mji huu yamepita kwake. Alidhani nimepotea, akanielekeza kwa kinyozi. Nikamkabidhi barua ya maombi ya kutogwa unyusi mmoja (wa kushoto). Akasoma mstari wa kwanza, akanitazama, akamwita mwenzake naye aje anitazame.

"Mzee wangu, hapa hatujibu barua. Kaa hapo."

Nilimwomba angalau asaini kuwa ameipokea. Akasaini kwa kalamu ileile aliyonichorea nukta juu ya jicho. Nikauliza kama inauma. Akasema inategemea umri wa ngozi. Sindano ikapita katikati ya neno "hata hivyo", ambalo nilikuwa nimelianza.

Sikuzimia. Niliahirisha kikao kwa dakika nne. Nilipofungua macho, wateja watatu walikuwa wakinipepea kwa khanga, na Naima ananieleza nisafishe kwa maji ya chumvi, nisiguseguse, wala nisilalie upande huo. Kipini cha rangi ya fedha, vifundo viwili. Nikajitazama kwenye kioo. Nakiri kwa ajili ya kumbukumbu: si kibaya.

Jumatano, 6 Agosti

Jicho limefunga. Kipini kimezama ndani ya uvimbe, hakionekani. Hasara tupu!

 Leo Juliana alinivuta mlangoni penye mwanga, akaniangalia vizuri, akaketi juu ya ndoo na kucheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachemsha maji ya chumvi bila kuombwa. Akasema, "Baba Blessing, si ungemwendea tu mtoto ukamwambia umemkumbuka?" Nilimweleza kuwa kumkumbuka mtu si hoja.

Mezani kwangu alikuja mteja mmoja tu, Masanja, mfugaji wa Usangu anayefuatilia ng'ombe wake waliopotea. Alinitazama kwa muda mrefu. Akauliza kwa upole kama aliyenipiga pembe ni wa kwake, na alikuwa wa rangi gani.

Obeid anatangaza sokoni kwamba nimepigwa na Juliana. Juliana hajakanusha.

Alhamisi, 7 Agosti

Iringa. Nimejipeleka mwenyewe kama kielelezo.

Basi liliposimama Nyololo nilishuka kununua viazi. Mama muuzaji alipoona jicho akaniongezea viwili, akanipa pole na kuniasa niache pombe. Nilianza kumfafanulia. Dereva akapiga honi.

Blessing alikuwa kwenye cherehani yake. Akainua kichwa. Unyusi wake mtupu! Kipini hakuna! Alama ndogo tu. Alikitoa tangu mwezi uliopita, maana kilikuwa kinanasa nyuzi. Kwa hiyo nilishinda? Nilitaka kuuliza. Lakini na yeye alikuwa ananitazama, mkasi mkononi, mdomo wazi.

"Baba! Nani amekufanya hivyo?"

Nikasema nimejifanya mwenyewe, kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu.

Alilia, kisha akacheka, kisha vyote kwa pamoja. Akanikalisha kwenye kiti cha wateja na kuniosha jicho kwa pamba, taratibu, kama nilivyokuwa nikimwosha magoti alipokuwa mdogo. Hapo ndipo aliposema. Pingamizi halikumuudhi. Nakala ndizo zilizomuudhi. Mama mkwe wake mtarajiwa aliisoma barua ile kwa sauti, mbele ya ukoo mzima, hadi aya ya tisa inayohusu pepopunda.

"Ungeniambia mimi, Baba. Mimi tu. Ningenuna siku mbili, yakaisha."

Nilimweleza kwamba barua isiyo na nakala haina meno. Akabonyeza pamba. Nikaelewa.

Sharti lake: nitamshika mkono Jumamosi endapo sitamwandikia mtu yeyote jambo lolote linalomhusu yeye. Nikaapa. Nikapendekeza tuliweke kwa maandishi. Akanitazama. Nikaondoa pendekezo.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi!

Uvimbe umeshuka, kipini kimejitokeza, tai imefungwa. Obeid alifika na tai nyekundu ya kuazima na matumaini tele. Mlangoni Blessing akashika mkono wangu. Obeid akasema yeye atasimama tu karibu, endapo mzee ataanguka.

Nikainama kumnong'oneza baraka. Kosa! Kipini kikanasa kwenye neti ya shela aliyojishonea mwenyewe. Hakitoki! Muziki umeanza, mshereheshaji ameshatutaja. Obeid akajitolea papo hapo kushika nafasi yangu wakati mimi nikitafutiwa mkasi.

Blessing akasema, "Mjomba, kaa."

Tukatembea. Shavu kwa shavu, ukumbi mzima, kwa hatua fupifupi za watu waliobeba kabati. Wageni wakadhani ndiyo desturi yetu sisi Wanyakyusa. Vigelegele! Mama mkwe akafuta machozi, akamuuliza Juliana kama watu wa Iringa nao wanaruhusiwa kuifanya.

Katikati ya safari hiyo Blessing aliniambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba anaogopa. Nikamwambia mimi siku ya ndoa yangu nilijificha stoo ya viazi hadi Juliana alipokuja kunitoa. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Akanibana mkono. Sikuwa na neno lolote rasmi, wala sikulitafuta.

Jumapili, 10 Agosti

Blessing amepiga simu! Mwenyewe! Wameondoka alfajiri na wakwe, akapiga walipofika Makambako. Dakika tatu. Aliuliza kama nimeosha jicho. Furaha niliyokuwa nayo haikuwa ya kufungiwa nyumbani.

Kiapo nimekitunza kikamilifu. Sijaandika hata herufi. Wakati wa matangazo kanisani nilisimama na kuyasema kwa mdomo. Kwamba amepiga. Kwamba kipini alishakitoa. Kwamba aliniambia anaiogopa ndoa nami nikamtuliza, hivyo washarika wamwombee kwa jina. Dakika kumi na nne, bila karatasi! Mchungaji aliguswa hadi akafumba macho. Juliana aliguswa hadi akatoka nje. Obeid alirekodi yote na, kwa wema usio wa kawaida yake, ameshaituma kwenye kundi la maandalizi ya harusi, ambamo wakwe wote wamo.

Tangu saa saba nimempigia Blessing mara tisa ili nimweleze jinsi ilivyopokelewa. Inaita tu. Bila shaka minara ya njia ile ina hitilafu. Kesho asubuhi nitawaandikia kampuni ya simu malalamiko rasmi. Jina la Blessing halitakuwamo, kwa sababu niliapa. Nitamtaja kama "binti wa kwanza wa mlalamikaji, anayeolewa Iringa, mwoga kidogo".