Pointi ya Pili Imefichwa Wapi?

Jumatatu, 15 Septemba. Kapata.
Siku tatu tu! Alhamisi ni mtihani wa marudio. Mama amesema nikianguka tena, mara ya tatu hii, ananipeleka Musumba kulima mihogo kwa mjomba Kabongo. Mimi! Na mikono hii!

Tata Stanislas, mwalimu wa namba changamano, ametuachia zoezi: f(z) = (3z − 4)/(z − 1). Tutafute pointi zisizohama, yaani z inayoingia na kutoka ileile. Nikazidisha, nikahamisha, nikapata z² − 4z + 4 = 0. Jibu: 2. Basi. Lakini penye mraba majibu huwa mawili, nani hajui? Kuna mtu ameficha moja.

Jumanne, 16 Septemba.
Nimemuuliza Huguette, wa kwanza darasani. Eti naye ana 2 tu, “inarudilaka”, yaani inajirudia. Akatazama pembeni. Pembeni! Nikajifanya mwema, nikajitolea kumpelekea daftari kwenye fotokopi kule Dilala. Nimelikagua juu ya pikipiki. Ukurasa wenyewe umechanwa nusu ya chini!

Huguette amejibu bila haya kwamba nusu hiyo alimpa Mama Adèle, muuzaji wa pale mtaani, afungie karanga. Karanga! Anadhani nimezaliwa jana.

Jumatano, 17 Septemba.
Nimenunua karanga za Mama Adèle, vifurushi kumi na kimoja. Akanionya: “Dimitri, mutoto yangu, tumbo itakuuma.” Naye yumo katika njama, naona.

Karatasi ya kifurushi cha kumi na moja: −2, kwa wino mwekundu! Juu yake imeandikwa “Gradi, mwaka wa tatu, imla, makosa mawili”. Huguette ana akili sana, hata jina la bandia ametafuta. Nimekula ushahidi wote ili asijue.

Alhamisi, 18 Septemba.
Swali lilelile! Nimeandika 2, nikaongeza −2 kwa tarakimu kubwa. Tumbo limenitoa nje mara tatu. Huguette amenipa dawa. Nimeitupa.

Jumamosi, 20 Septemba.
Nimeanguka. Tata Stanislas ameniketisha, akaniwekea −2 ndani ya fomula: inatoka 10/3. Imehama. Amesema ningeiacha 2 peke yake ningepita. Nimelia, sikatai. Halafu nikaona alichoandika kando ya karatasi: “racine double”, yaani mzizi maradufu. Double! Amekiri kwa mkono wake kwamba ziko mbili!

Nimemweleza Mama. Alikuwa anafunga begi langu, wala hakugeuka.

Jumatatu, 13 Oktoba. Musumba.
Malengelenge kila kidole. Leo mjomba Kabongo amenionyesha mipaka ya shamba lake. Nimeuliza la pili liko wapi. Akacheka: “Iko moja tu, mutoto yangu.”

Moja tu. Na akatazama pembeni, upande wa kichakani. Kesho namfuata.