Siku ya Kwanza Hubebi Mifuko Miwili

Jumapili, 3 Agosti

Ibada imeisha. Kahawa ukumbini, chini ya kanisa. Marlys Bergum katangaza mbele ya sufuria yake ya viazi: mwezi huu anaanza chuo. Uhasibu. Umri huu! Watu wakapiga makofi. Akasema msipige, hesabu zenyewe zilinipita kando, kwenye mtihani wa kupangiwa darasa nitatupwa chini kabisa na mbumbumbu wenzangu.

Chini kabisa. Nikalishika hilo neno.

Marlys mjane, mimi mgane. Joyce wangu alishaniambia kabla hajafa: Lyle, usikae peke yako, utakuja kula sadini kwenye kopo. Nakula sadini kwenye kopo.

Basi na mimi naingia chuo.

Duane Kivela alikuwa nyuma yangu, keki mdomoni. Kasikia yote. Masikio kama milango ya gari.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejiandikisha. Usimamizi wa ujenzi. Nimebeba zege tangu ujana, acha na mimi nisimame nielekeze kwa kidole.

Binti wa mapokezi, Kaisa, kanieleza polepole kama naumwa. Mzee, mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli, unajibu tu tujue tukuweke wapi. Hesabu kuna darasa la chini, la kati na la juu.

Nikacheka moyoni. Ndiyo maneno ya nyapara siku ya kwanza: beba tu nikuone. Ukibeba mifuko miwili ya saruji umekwisha, ni miwili mpaka unastaafu. Sisi watu wa zege tunajua. Siku ya kwanza unabeba mmoja, unashika kiuno, unaguna.

Nitaguna.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemkuta Duane duka la vifaa. Kajiandikisha na yeye! Ati anapenda elimu. Mtu anaendesha gari la kusukuma theluji, majira mengine yote analala mashuani anavua samaki. Elimu! Kanunua na kitabu cha mazoezi.

Nikamwambia kaka, soma sana, kichwa kama hicho mahali pake ni darasa la juu na vijana wenye miwani. Kafurahi. Kaninunulia donati. Nimeila bila aibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mtihani. Kompyuta. Swali la kwanza nikakosa makusudi. La pili likaja jepesi zaidi. Nikakosa. Likaja jepesi tena. Mashine inarudi nyuma! Inaniogopa!

Mara ikaleta sakafu ya gereji. Urefu huu, upana huu, unene huu, zege kiasi gani? Mkono ukajibu wenyewe kabla sijauzuia. Swali lililofuata likaja na herufi badala ya namba. Jasho likanitoka. Nikakosa harakaharaka kufidia.

Mwisho ikauliza nusu na robo, kubwa ipi. Nikajibu robo. Iliniuma. Joyce huko aliko amecheka mpaka amekaa chini.

Ijumaa, 8 Agosti

Majibu. Chini kabisa! Kaisa kaniuliza kwa upole kama jana nilisahau miwani. Nikaguna.

Marlys katoka chumba cha pili anaruka. Darasa la kati! Kumbe mjukuu wake kamfundisha kutwa kucha tangu shule zifungwe. Hajamwambia mtu. Wanawake!

Na Duane? Kaingia na yote aliyosoma, kachanganyikiwa, kabonyeza hovyo. Chini kabisa. Kanikumbatia. Ati ndugu yangu, tutakaa wote. Ananuka samaki.

Nilikuwa nataka kulia. Ndipo Marlys kanitazama kwa huruma. Lyle jamani, kumbe hata wewe! Kasema njoo nyumbani Jumatano nikuelekeze.

Nyumbani kwake! Mimi na yeye, jikoni! Mpango umenizidi hata mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Jikoni kwa Marlys. Nyama na viazi vya kuoka, jibini juu limeungua kidogo, nipendavyo. Kisha pai ya tufaha. Anaikata vipande nielewe sehemu, nusu na robo. Nimejifanya sielewi mpaka pai ikaisha.

Duane kapita barabarani na gari lake, polepole. Kageuza. Kapita tena. Nikampungia mkono dirishani.

Marlys kasema kaulizia, mtihani unaruhusiwa kurudiwa mara moja. Lyle, ukijitahidi unapanda darasa langu. Nitakuwekea kiti kando yangu.

Kasema kando yangu. Nimesikia vizuri.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefikiri huku namwaga zege. Nikipanda, pai inakwisha. Anayejua nusu na robo anakatiwa pai ya nini? Kiti ni kiti tu. Jikoni ni jikoni.

Halafu ukibeba miwili siku ya pili, nyapara anauliza jana ulikuwa mgonjwa?

Jumanne, 19 Agosti

Nimerudia. Nimefeli safi kabisa. Hata gereji nimekosa.

Duane naye karudia. Kapita. Darasa la kati. Ati safari hii alijifanya yuko mashuani, akatulia.

Jumatatu, 25 Agosti

Masomo yameanza. Nimechungulia kwenye kioo cha mlango wa darasa la kati. Marlys. Kando yake kiti. Kwenye kiti Duane, nywele kazichana kwa maji.

Marlys kaja kwenye korido. Pole Lyle, Jumatano haitawezekana tena, masomo magumu, jioni nasoma na Duane. Nikauliza kama pai ipo. Kasema ipo.

Basi. Nikaingia darasani kwangu. Si pabaya. Kiti kipana, dirisha linaona ziwa, mwalimu haharakishi mtu. Kando yangu kakaa Bi Lorna Haugen, mjane, alikuwa dereva wa basi la shule. Ana mikate ya mdalasini mkobani. Kanipa mmoja, bado wa moto. Kasema bwana Lyle, sehemu zinanitisha, kesho kuna zoezi la kuangalia nani anaweza kupandishwa, mimi najijua, nabaki hapahapa.

Nikamwambia Bi Lorna, kula mkate, hubaki peke yako.

Mara hii nimeupata mpango wenyewe. Kesho nitaguna.