Marufuku Kuuza Sura

Idara ya Sura Mashuhuri inautangazia umma kwamba ni marufuku kuuza sura ya mtu mashuhuri kwenye fulana, kikombe, mwavuli au kalenda bila kibali cha mwenye sura. Mimi ndimi Afisa Msaidizi wa Idara hiyo. Sheria yenyewe niliiandika kwa mkono wangu, na sioni haya kusema kwamba Kifungu cha Tisa kilinitoa machozi.

Wapo waliocheka. Walisema kama kuuza sura ni kosa, basi waanze kukamatwa wale wanaokwenda misibani na mpiga picha. Idara haijibu porojo za mtaani.

Siku ya pili tu tulimnasa mhalifu, mama mmoja mchapa fulana mwenye kibanda nyuma ya soko. Alikuwa ameanika fulana arobaini, rangi bado mbichi, na kila moja ina uso wa Mheshimiwa Waziri wetu: mashavu yaleyale, mwanya uleule, nyusi zilezile zilizokutana. Niliamuru mashine yake ya kuchapia ichukuliwe. Kesho yake asubuhi alikuwa mezani kwangu.

"Bosi, yule ni mjomba wangu. Ananoa visu pale sokoni. Jumamosi anatimiza miaka sabini, ukoo mzima tunavaa fulana zake."

"Alikupa kibali cha maandishi?"

"Mjomba? Ndiye aliyenilea, bosi. Nirudishie mashine yangu. Bila ile, wanangu wanakula nini?"

Swali hilo halimo kwenye fomu. Nilimweleza kwa upole kwamba mashine itateketezwa Ijumaa, ila Kifungu cha Tisa kinampa haki: mashahidi watatu waokotwe barabarani, waonyeshwe sura, na yule watakayemtaja ndiye mwenye sura kisheria, kwa matumizi yote yaliyopita na yajayo. Akaidai haki yake. Nilimwonea huruma, maana nilijua anajichimbia kaburi.

Ili kuzuia figisu, sikutumia fulana. Nilishusha ukutani picha rasmi ya Mheshimiwa, suti na tai, nikaifuta vumbi.

Wa kwanza alikuwa muuza mayai. "Huyu si Mzee Makali, mnoa visu? Kapendeza. Anaoa?"

Wa pili, fundi viatu. "Makali huyo. Kisu changu kiko kwake tangu juzi. Mkimwona mwambieni nakisubiri."

Wa tatu alikuwa muuguzi, mtu aliyesoma, nikajua huyu atatuokoa. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Ni Mzee Makali," alisema. "Lakini hapa kanenepa. Mwambieni aje apimwe presha."

"Huoni kwamba ni Waziri?"

"Waziri wa nini?"

Mashine ilirudishwa siku hiyohiyo, na Jumamosi ukoo ulivaa. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, kwa sababu sheria nimeiandika vizuri mno. Ilibidi nimwandikie Mheshimiwa kumjulisha kwamba kwa miaka saba amekuwa akiuza sura ya Mzee Makali kwenye mabango, kalenda na kuta za ofisi mia mbili na kumi na mbili, bila kibali. Nilisaini na kugonga muhuri.

Jumatatu Mheshimiwa alifika sokoni mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila mpiga picha. Nilimsindikiza nikiwa nimeshika mkoba wake. Mzee Makali alikuwa kwenye jiwe lake la kunolea, amevaa fulana ya sherehe, mpwa wake kasimama pembeni. Hakuinua kichwa. Alionyesha benchi kwa ncha ya kisu, na Mheshimiwa akakaa, wa nne kwenye foleni, nyuma ya mama mwenye panga butu.

Zamu yake ilipofika alisimama na kufunga kifungo cha koti.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kuomba kibali."

"Marahaba. Fomu umejaza?"

"Hii hapa."

Mzee aliigeuza mbele na nyuma kama nifanyavyo mimi. "Na picha mbili?"

Mheshimiwa alizitoa kwenye pochi. Mzee alizitazama, akampa mpwa wake naye azitazame, kisha akazitia mfukoni.

"Hizi zangu," alisema, akachukua kisu kingine. "Rudi kesho, kijana. Na ukija, uje na sura yako."