Cheti cha Ukapera na Feni ya Meya

Jumatatu, 3 Juni

Zimebaki siku kumi na saba. Tarehe ishirini mimi, Crisanto Baldemor, fundi feni wa mji wa San Telmo, naoa Hong Kong. Liwayway wangu yuko huko, anamtunza bibi wa watu, na bosi kamkubalia siku tatu za likizo, basi. Kazi yangu ni karatasi moja tu: cheti cha ukapera, kinachosema serikali imenitafuta kwenye daftari za ndoa ikanikosa. Liwayway kanisihi kwa simu, Santo, safari hii ujanja wako uache nyumbani, panga foleni kama binadamu. Nimepanga kama binadamu saa nzima. Kisha nikaanza kukohoa kikohozi kibaya, na foleni ikafunguka yenyewe. Cheti Alhamisi. Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa. Mama karani wa dirisha la nne, pale ofisi ya vyeti, kanipa karatasi, kanipa na hongera. Nina mke. Nilioa miaka miwili iliyopita, siku ya wapendanao, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Mke: Purita Malabanan, muuza samaki wakavu, jirani yangu.

Nikamwambia kuna makosa. Ile haikuwa ndoa, ilikuwa feni. Meya alikuwa anaozesha watu bure, jozi mia, wapiga picha tele, na jozi moja ikaingia mitini. Sulpicio, kapteni wa mtaa wetu, yaani mwenyekiti, akapita mbio akitafuta mwanamume yeyote na mwanamke yeyote wa kujaza nafasi. Kila jozi ilipewa feni mpya na gunia la mchele. Mimi nilikuwa nimesimama, Purita alikuwa ameketi, tukaitwa. Feni nikachukua mimi, mchele akachukua yeye, tukaagana. Nakumbuka nilisaini kitu.

Mama akanionyesha hicho kitu. Kiapo kwamba mimi na Purita tumeishi kama mume na mke miaka mitano. Watu wa namna hiyo hawadaiwi kibali cha ndoa, wanaozwa papo hapo. Akaniuliza, baba, hukusoma? Nikamjibu feni ilikuwa na spidi tatu.

Na sheria ya nchi yetu talaka haina.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kumweleza Purita, kwa upole, kwamba ni mke wangu. Hakuzimia. Aliendelea kugeuza samaki juani. Akasema ndiyo maana, alikuwa akijiuliza kwa nini siku hizi anachoka kama mke wa mtu. Kisha akasema kama ni ndoa, basi mali ni ya wote wawili, na kwa kuwa mchele ulishaliwa, kilichobaki ni feni. Kaichukua. Mimi nitakuwa nayo Jumanne na Alhamisi. Nimejua nina mke jana tu na tayari nimeshashindwa kesi.

Liwayway kapiga simu, kauliza habari za cheti. Nikamwambia kimetoka, kina muhuri mzuri sana. Hapo sijadanganya. Akasema gauni ameshanunua. Miaka sita amefua mashuka ya watu akingoja siku moja iwe yake. Roho iliniuma, sifichi. Nikakata simu nikasema mtandao mbovu.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango mpya: nina pacha. Aliyeoa ni yeye. Nimekwenda dirisha la nne na masharubu ya kubandika. Mama akauliza pacha wangu anaitwa nani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema Crisanto. Na wewe? Crisanto. Nikaongeza kwamba mama yetu alilipenda sana hilo jina.

Alinitazama kwa huruma. Sharubu moja ilikuwa imeanguka kwenye kaunta yake. Akasema, baba, njia ipo, nenda mahakamani ukaseme ukweli: kwamba hamjaishi pamoja hata siku moja na kiapo kilikuwa cha uongo. Kiapo kikianguka, ndoa iliyofungwa bila kibali inaanguka nayo. Kwa hiyo nile kiapo kwamba nilikula kiapo cha uongo. Hii nchi!

Jumanne, 11 Juni

Liwayway anajua. Purita kamwandikia ujumbe, kamsalimia mke mwenza.

Nilingoja matusi. Hakutukana, na hilo ndilo lililonitisha. Alilia kwanza. Akasema halii kwa sababu ya Purita, analia kwa sababu kila akiniuliza jambo namjibu kama fundi anayemjibu mteja. Halafu akajipangusa. Ameomba zile siku tatu azitumie sasa. Anatua Alhamisi, Ijumaa tunakwenda sote kwa wakili, Purita naye, na Purita amekubali. Wakili kamwambia kwa simu kesi yetu ni nyepesi: karatasi ni moja, na karatasi moja inaweza kuitwa kosa. Gauni atakuja nalo, litangoja sandukuni mpaka niwe huru. Sharti ni moja. Mpaka atue, nisisaini chochote, hata kifurushi cha posta. Hili nikiliharibu, gauni atamgawia mtu. Nimeapa kwa jina la marehemu mama.

Jumatano, 12 Juni

Sikukuu ya Uhuru. Meya anaozesha tena. Saa tatu Kapteni Sulpicio kafika anahema: jozi mia, moja haijatokea, na zawadi mwaka huu ni friji.

Nikakataa. Nilikataa mara mbili, iandikwe. Kapteni akasema sawa, atakwenda kumchukua kinyozi badala yangu. Ndipo nikafikiri kisheria. Mwanamume ambaye tayari ameoa Purita, akimwoa Purita, ameongeza nini? Hakuna. Ni mke yuleyule. Liwayway alikuwa na wasiwasi na karatasi mpya, na hii si mpya, ni ileile, imerudiwa tu. Purita alikuwa ameshavaa viatu. Tukakubaliana: rafu ya juu ya friji ni ya samaki wake, ya chini yangu.

Nimesaini kwamba tumeishi pamoja miaka saba. Hesabu kafanya Kapteni mwenyewe, mitano na miwili.

Friji liko sebuleni, linanguruma vizuri. Nimeweka jagi la juisi ya ndimu kwa ajili ya Liwayway. Anatua kesho saa nne, na joto hili, atanishukuru.