Shingo Yenye Vyumba Sawa

Jumapili, 1 Julai 1973

Gita limevunjika shingo. Kiwiliwili kizima, namshukuru Mungu. Kile ni cha mninga, nimekichonga mwenyewe miezi minne, nikakitia maiki mbili na waya za redio. Tabora nzima hakuna gita jingine la umeme lililozaliwa nyumbani kwa mtu.

Kilichotokea ni kidogo tu. Nilikuwa nawaonyesha majirani jinsi babu yangu alivyobeba piano ya Mjerumani kichwani, Bagamoyo mpaka Ujiji, bila kuitua hata siku moja, akilala wima. Nikaweka gita kichwani, nikatembea hatua sita. Ya saba ilikuwa kizingiti.

Mke wangu Swaumu kauliza kama babu naye alikuwa akiangukia vyungu vya mkewe.

Saba Saba ni Jumamosi hii. Bendi yetu ya Gongoni inapiga uwanjani, mkoa mzima utakuwepo. Kiongozi wetu Eustace kasema wazi: Yahaya asipokuwa na gita, solo anapiga Nassibu. Nassibu ni mpwa wangu. Nilimfundisha gita mwenyewe. Yaani nilikuwepo alipofundishwa.

Jumatatu, 2 Julai

Nassibu kaja na shingo! Kaing'oa kwenye gita bovu alilonunua Kigoma. Shikamoo mjomba nyingi, heshima tele. Anasema nichukue bure, inaingia kwenye kiwiliwili changu bila kupunguza kitu, yeye anataka mjomba wake apige. Kijana mjanja sana. Anayeitaka nafasi yangu ananipa shingo bure kwa nini?

Nikaitoa juani nikaikagua. Nikaona.

Vile vichuma vinavyokatisha shingo, nafasi kati yake ndimo tunamobonyeza nyuzi. Sisi huziita vyumba. Chumba cha kwanza, kule kwenye kichwa cha gita, vidole viwili vinaingia na nafasi inabaki. Cha pili kimepungua. Cha tatu kimepungua zaidi. Ukifika cha ishirini, kidole kinaingia kwa kuomba radhi. Nikakimbilia shingo yangu iliyovunjika, nikapima. Yaleyale. Miaka kumi na saba napiga gita na sikuwahi kuliona hili.

Jumanne, 3 Julai

Sijala vizuri kwa furaha. Nimegundua jambo. Aliye karibu na kichwa kajengewa ukumbi, wa mwisho anasimama kwa mguu mmoja. Huo ni ubepari, umejificha kwenye magita tangu ukoloni, na wataalamu wote wameupita. Azimio la Arusha nimelisoma, nusu ya kwanza yote. Siwezi kupanda jukwaa la Saba Saba na kitu kama hicho mkononi.

Uamuzi: shingo mpya ya mninga, vyumba ishirini, vyote sawasawa. Gita la kwanza la Ujamaa duniani.

Swaumu kasema vizuri sana, gita limepata usawa wake, sasa kuni na maji tutaanza kugawana lini. Nikamwambia tuanze na gita.

Jumatano, 4 Julai

Kwa Limbu seremala. Ana ubao mkavu wa mninga, umenyooka kama reli. Nikamweleza vyumba. Akasugua kidevu. Anasema angependa kunakili ile shingo ya Nassibu kama ilivyo, maana waliopanga vile huenda walikuwa na sababu. Nikamwambia Msukuma arudi kwa ng'ombe wake, muziki atuachie Wanyamwezi. Akasema Mnyamwezi kubeba mzigo anajua, kuutua ndio kunamshinda. Watani hawa! Tukacheka, akaanza kupiga randa.

Tumegawanya kwa rula. Kila chumba sawa na mwenzake, hakuna aliyepunjwa. Vichuma tumetumia vilevile vya shingo iliyovunjika.

Ijumaa, 6 Julai

Imekwisha. Inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nyuzi zimefungwa. Limbu kakataza kubonyeza mpaka gundi ikauke, kwa hiyo nimezipiga wazi tu, bila kugusa shingo. Sauti tamu ajabu. Majirani wameitika.

Nimemrudishia Nassibu shingo yake. Nimempa pole kwa upole. Kaitazama yangu kwa muda mrefu, akauliza mjomba umeshaibonyeza. Nikasema gundi. Akasema kesho atakuja na gita lake pia, basi tu. Wivu huo.

Jumamosi, 7 Julai

Saba Saba. Watu mpaka juu ya kuta. Wimbo wa kwanza, ule wa wakulima wa tumbaku wa Sikonge. Nikaanza na nyuzi wazi, watu wakashangilia. Nikaingia chumba cha kwanza. Kikatoa sauti ambayo si ya wimbo ule wala ya wimbo wowote ninaoujua. Nikakimbilia cha tano. Mzee mmoja safu ya mbele akavua kofia, nadhani kwa heshima. Fundi wa spika akazima, akawasha, akaipiga spika kofi. Mshereheshaji akatangaza kuwa hitilafu ya umeme inashughulikiwa.

Eustace akaninong'oneza niendelee kuchezesha vidole ila nyuzi nisiziguse. Nassibu alikuwa ameshachomeka la kwake. Uwanja ukacheza mpaka vumbi likaficha jukwaa.

Tuliposhuka, bwana mmoja wa Nzega akanishika mkono: hajapata kuona vidole vyepesi kama vyangu.

Eustace kanivuta pembeni. Kuanzia leo solo ni ya Nassibu. Mimi ni Mtunza Vyombo vya bendi nzima, na kanikabidhi ufunguo wa stoo. Nikaugeuzageuza mkononi. Halafu nikafikiri: cheo kina ufunguo. Nassibu hana ufunguo wowote.

Jumatatu, 9 Julai

Siku mbili nimewaza, leo nimepata. Kosa halikuwa la shingo yangu. Gita moja la usawa limewekwa katikati ya magita mawili ya ubepari, la Nassibu na la besi, yatapatana vipi? Yale mawili ndiyo yaliyokosea, kwa pamoja, na kura zikawa mbili kwa moja.

Ijumaa bendi inakwenda kupiga Nzega. Mpaka hapo vyombo viko stoo, ufunguo ninao mimi. Limbu kaniazima koleo bila kuuliza la nini. Gita la besi nimeshalimaliza, vyumba sawa vyote. Sasa nimeng'oa vichuma vyote vya gita la Nassibu. Simwambii kitu, nataka afurahi akiwa jukwaani. Ndivyo wajomba tulivyo.

Tatizo moja dogo. Vichuma saba vimekatika kwenye kung'oa, nahitaji waya mgumu. Nimetoka nje kutafuta, nikakuta baiskeli ya Eustace imeegemea ukuta. Nimehesabu mara mbili. Gurudumu la mbele lina spoku thelathini na mbili, la nyuma arobaini.